MOTOKAA YAKO: Mpira Mdogo Uchukuao Bomba la Moshi

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wenye magari ya zamani hawakikumbuki mpaka kiwe kimekwisha kuleta madhara. Kitu hicho ni bushi ya mpira, ile ikaayo katika kishikizo cha bomba la moshi chini ya gari.

Mimi ninayo Peugeot 404, gari la aina iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Katika 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na miaka yote miwili 404 ndiyo iliyotangulia. Basi mwenye gari la namna hii huwa na kiburi kidogo, akadhani kwamba halipatwi na maradhi. Bushi moja ilipooza kwa uzee, nilimwambia fundi alifunge bomba kwa waya, nikasema mpira nitanunua mwezi ujao. Miezi ikapita.

Siku moja ya mvua nilikuwa nikitoka Nyeri kwenda Nairobi. Mama yangu na watoto wawili walikaa nyuma, na vioo vyote vilifungwa. Tulipopita Karatina kichwa kikaanza kuniuma. Karibu na Sagana nikamwita mama, naye akaitika kama mtu aliye ndotoni. Watoto walikuwa wamelala fofofo. Nikasimamisha gari upesi, nikawatoa wote penye hewa safi, kisha tukapata msaada wa kutufikisha hospitali. Walipona, namshukuru Mungu. Nilipochungulia chini ya gari niliona bomba limepasuka mbele ya sailensa. Kosa halikuwa la gari, wala la fundi. Lilikuwa langu.

Sababu yake ni rahisi kufahamu. Injini imewekwa juu ya mipira, nayo hutikisika wakati wote. Bomba limefungwa kwenye injini, kwa hiyo hutikisika pamoja nayo. Bushi huliruhusu bomba kucheza kidogo. Waya hauliruhusu. Bomba likizuiwa huku na kusukumwa kule, chuma huchoka na kupasuka, na moshi huingia ndani kwa matundu ya sakafu. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu isichukue oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na aweza kufa asijue.

Kubadili bushi si kazi kubwa. Ngojea bomba lipoe kabisa. Egesha gari mahali palipo sawa, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, uliinue, kisha uliweke juu ya vigingi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Sugua kutu kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza nati, uyaache usiku kucha.

Kesho yake tegemeza bomba kwa gogo, ndipo ufungue kishikizo kimoja tu. Ukifungua vyote pamoja, uzito wote wa bomba utaangukia kiungo cha injini. Toa mpira wa zamani na usafishe tundu lake. Bushi mpya ipake maji ya sabuni ili iingie kwa urahisi. Usitumie grisi wala oili, kwa maana huozesha mpira. Rudisha bolti na washa zake, lakini usikaze bado. Fanya hivyo kwa kila kishikizo.

Zote zikiisha kuingia, litikise bomba kwa mkono lipate mahali pake, ndipo ukaze. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo tu. Mpira uliopondwa kwa spana ni sawa na waya. Mwisho angalia kwamba bomba haligusi ekseli, wala mrija wa breki, wala wa petroli. Washa injini nje ya banda na usikilize viungo. Ukisikia mlio wa pumzi, kuna tundu.

Kama bushi ikikatika njiani, kipande cha ukuta wa tairi kuukuu chaweza kukufikisha nyumbani. Lakini kikufikishe nyumbani tu, kisikae mwaka. Na bomba likiwa limekwisha kupasuka, mpira mpya hautaliponya. Sharti lichomelewe au libadilishwe kwanza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikaribia kuchimba kaburi. Basi, ndugu msomaji, Jumamosi hii inama kidogo chini ya gari lako utazame. Ukiuona waya, usingoje mwezi ujao.