Kihamba Hakikuwahi Kujitosheleza

Siku hizi ushauri ni ule ule kwa kila anayekaribia kustaafu, kila aliyepunguzwa kazini na kila kijana aliyechoshwa na kodi ya nyumba ya Dar es Salaam: rudi kijijini, fufua shamba la wazee, panda kila unachokula, fuga, uachane na soko. Husemwa kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya WhatsApp, na kwa sisi wenye asili ya Uchagani, kwenye mlima Kilimanjaro, huja na ushahidi wake kabisa. Ushahidi huo ni kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Babu zetu, tunaambiwa, waliishi kwenye ekari moja ya migomba na hawakuhitaji duka. Nyumba ikitengenezwa na migomba ikipaliliwa, maisha yale yatarudi.

Napinga. Sina ugomvi na kurudi. Vihamba vilivyoachwa vikawa vichaka vinatia uchungu, na heri mwenye nguvu akarudi. Ugomvi wangu ni na lengo. Anayefufua shamba dogo ili asinunue kitu atamaliza akiba yake ndani ya misimu michache, kisha atailaumu ardhi. Anayelifufua ili asiwe mnyonge sokoni ana nafasi nzuri ya kufika. Na malengo hayo mawili huanza kuachana mapema sana, pale pesa ya kwanza inapotoka mfukoni.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Kihamba kinastahili sifa zake. Juu kuna mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na mboga. Ng'ombe yuko zizini, analishwa majani na vipande vya mgomba, na samadi yake inarudi shinani. Mwaka 2011 FAO iliingiza Shimbwe Juu, kule Uru, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani, na haikukosea.

Lakini wanaokisifia hutaja nusu ya shamba. Familia ilikuwa na sehemu nyingine huko tambarare, kwenye joto, ambako ulilimwa ulezi na baadaye mahindi na maharage. Majani ya ng'ombe yalipandishwa kutoka huko yakiwa kichwani mwa akina mama, safari ya kutwa kwa wengine. Chuma cha majembe na mikuki kilitoka kwa wahunzi wa Ugweno, upande wa Pare. Magadi yalitoka nje ya mlima. Masoko ya akina mama, ya ndizi na maharage na vyungu, yalikuwapo kabla Mjerumani hajafika. Hata mbege, ambayo ndiyo fahari ya kihamba, haiwi mbege bila ulezi, na ulezi haustawi chini ya kivuli cha migomba.

Kisha ikaja kahawa. Wamisionari wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1925 wakulima walikuwa tayari na chama chao, kilichowatetea mbele ya masetla waliokuwa hawataki Mwafrika alime zao hilo. Mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU, ushirika wa wakulima hao. Mabati, shule na zahanati za mlimani, na ada za watoto wengi waliokuja kuwa madaktari na wahandisi, vilitoka kwenye gunia la kahawa lililouzwa ng'ambo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulipovunjika, maumivu yalifika hadi chini ya migomba ya Kibosho na Machame. Shamba lisilohitaji soko lisingeumia hivyo. Kihamba tunachokikumbuka utotoni, chenye nyumba ya matofali na redio sebuleni, kilikuwa kimefungamana na dunia kwa kamba nene.

Hata Azimio la Arusha la 1967, linalokumbukwa kila kunapotajwa kujitegemea, lilizungumzia taifa na vijiji vinavyofanya kazi pamoja. Halikumwahidi mstaafu mmoja na ekari yake kwamba ataishi bila jirani.

Tuweke hesabu mezani. Watafiti waliopima vihamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipata wastani wa hekta 0.68, kama ekari moja na robo tatu, na tangu hapo watoto wamegawana. Familia ya watu watano inayokula ugali karibu kila siku humaliza gunia tano au sita za mahindi kwa mwaka. Mkulima wa kawaida nchini huvuna tani moja na nusu hivi kwa hekta, yaani kama gunia sita kwa ekari. Kwa hiyo unga peke yake umekula ekari nzima, tena mwaka wa mvua njema, na bado hujapanda mgomba hata mmoja. Utasema tutakula ndizi. Sawa, kula ndizi, lakini mafuta ya kupikia? Alizeti unaweza kulima; kuikamua utaipeleka mashineni na utalipa. Chumvi? Sare za shule? Vocha? Dawa ya mtoto usiku wa manane?

Kisha maziwa, ambayo ndiyo ndoto tamu kuliko zote. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anataka kilo 40 hivi za majani mabichi kila siku, sikukuu isihesabiwe. Nani atayakata? Hapa ndipo makundi ya WhatsApp hunyamaza. Katika mashamba mengi ya "wanaojitegemea" niliyotembelea, jibu ni kijana fulani aliyetoka mkoa mwingine, analala chumba cha nyuma, analipwa kidogo na mara nyingine kwa kuchelewa. Au jibu ni mke. Zamani lilikuwa mke vilevile. Mwenye shamba anapojisifu kwamba maziwa yake hayana gharama, ni kwa kuwa gharama imebebwa na mtu asiyeulizwa. Mlipe kijana yule mshahara wa halali, halafu piga tena bei ya lita moja. Huenda ukakuta ya jirani ni rahisi zaidi, na jirani angefurahi kuuza.

Ipo hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Watasema: soko halina huruma, bei hupanda bila taarifa, na mwenye chakula chake hulala usingizi. Kweli. Ila angalia mkulima mdogo huumia wapi hasa. Haumii kwa sababu ananunua chumvi. Anaumia kwa sababu anauza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza, ili alipe ada. Halafu Januari au Februari anayanunua yale yale kwa bei iliyopanda sana. Tatizo lake ni kulazimika kuuza leo, na mara nyingi halazimishwi na mahitaji ya pesa peke yake. Analazimishwa pia na mdudu.

Dumuzi, ambaye wakulima walimpachika jina la Scania, aliingia nchini kupitia Tabora na kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutafuna mahindi ghalani mpaka yabaki maganda na vumbi. Dawa ya kisasa isiyo na sumu ni ule mfuko wa tabaka tatu unaoitwa kinga njaa: plastiki mbili ndani, kiroba nje. Mdudu aliyefungiwa humo humaliza hewa yake mwenyewe akafa. Lakini mfuko haumsaidii aliyeweka mahindi mabichi, maana yataota ukungu humo humo. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya punje na kijiko cha chumvi iliyoanikwa ikakauka vizuri, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, jaza mfuko, kamua hewa, sokota mdomo wa kila tabaka peke yake, kunja, funga kwa kamba. Mifuko sita ya namna hiyo inampa mtu uhuru ambao ng'ombe hatampa: uhuru wa kumwambia dalali wa Julai aende zake, arudi baadaye.

Huo ndio uhuru ninaoutetea, na haufanani na kutonunua kitu. Ukiutaka, mpangilio wa ukarabati wote unabadilika.

Watu wengi huanza na nyumba. Vigae, geti, dirisha la alumini, kisha fedha zinaisha na migomba bado imesongamana kama ilivyoachwa. Anza na migomba. Shina lililotelekezwa huwa na machipukizi kumi yanayogombea chakula kimoja. Bakiza migomba mitatu kwa shina, mama, mtoto na mjukuu, mingine ing'oe na umpe ng'ombe wa jirani, naye akupe samadi. Mibuni mizee isiyozaa haina haja ya kung'olewa yote. Ile yenye mizizi mizima ikate kisiki, sentimeta 30 hivi kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateremke, kisha katika machipukizi yatakayotoka chagua mawili au matatu yenye nguvu. Utakaa misimu miwili bila kuvuna chochote cha maana, na hapo ndipo akiba uliyokusudia kununulia vigae itakapokuwa na kazi. Palipo na mapengo, aina mpya za TaCRI, kituo cha utafiti kilichopo Lyamungo, zinahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo bili ya dawa hupungua.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mahali panaponyesha milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 54,000. Inaonekana tele, mpaka ukumbuke kwamba nyingi huanguka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tangi ulilomudu ni la lita 5,000. Familia inayotumia lita 100 kwa siku italimaliza kwa siku 50, kabla Agosti haijafika. Ng'ombe mmoja wa maziwa hunywa lita 60 au zaidi kwa siku.

Wazee walilitatua hilo kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka mabonde ya juu ikazunguka ukingoni mwa milima hadi kwenye vihamba. Hapakuwa na mfongo wa mtu mmoja. Ulikuwa na kiongozi wake, zamu zake, siku za kuzibua matope na faini kwa asiyefika. Mingi imekauka au imekatwa na makazi mapya, lakini ipo inayotiririka hadi leo, na inatiririka kwa utaratibu huo huo.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi wa vigae, uliza mfongo wa upande wenu unazibuliwa lini, na zamu ya kihamba chenu ni siku gani. Huenda ilishagawiwa kwa wengine tangu baba yako alipoacha kufika, na kuirudisha kutataka vikao viwili vitatu, jembe lako mwenyewe begani, na pengine ndoo ya mbege, ambayo ulezi wake utaununua.