Acheni kufuta rekodi za watu eti hifadhidata imejaa

Wadau, kuna ushauri unaotolewa na mafundi wa kompyuta huku Kitengela ambao naupinga waziwazi: hifadhidata ikijaa, futa rekodi za zamani.

Tupige hesabu kwanza. Kutoka hapa hadi Kajiado mjini watu wengi wanategemea maji ya visima. Chukua mwenye kisima aliyeweka mita 1,000 zinazotuma usomaji zenyewe kila dakika 15. Hiyo ni mistari 96,000 kwa siku, zaidi ya milioni 35 kwa mwaka, na yote inamiminwa ndani ya SQL Server Express ya bure. Toleo la 2005 lilikomea GB 4 kwa kila hifadhidata, kuanzia 2008 R2 zikawa 10, na lile la 2025 limefika 50. Aliye kwenye zile 10, siku zikijaa mfumo unakataa hata malipo ya leo ya M-Pesa. Fundi anakuja na dawa mbili: leseni ya kulipia, au DELETE.

Sasa mpangaji akibishana na bili ya Machi 2023, utamwonyesha nini? Neno lako tu? Akatiwe maji kwa sababu ya GB 10! Na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inadai rekodi za biashara zitunzwe miaka 5.

Kinachoudhi ni kwamba data hiyo ilikuja ikiwa faili za CSV, moja kwa siku. Mpaka ule unahesabu kilicho ndani ya hifadhidata, si kilicho kwenye diski. Ziache faili za zamani nje, uziulize hapo hapo zilipo. Oracle ina majedwali ya nje tangu 9i ya 2001. PostgreSQL ina file_fdw tangu 9.1 ya 2011 (na yenyewe haina mpaka wa namna hii, lakini hivyo ni vita vya siku nyingine). Hata Express ina OPENROWSET(BULK...). Mimi natumia DuckDB, haihitaji seva:

SELECT saa, usomaji
FROM read_csv('mita-2023-03-*.csv', all_varchar=true)
WHERE akaunti = '00417';

Mtasema ni polepole. Kweli, CSV haina faharasa, kwa hivyo faili inasomwa yote. Lakini bili ya 2023 unaiuliza mara ngapi kwa mwaka? Jina la faili likiwa na tarehe, unagusa mwezi mmoja tu. Bado ni nzito? Zigeuze ziwe Parquet: zinapungua ukubwa, na safu usizozihitaji hazisomwi. Miezi ya karibuni ibaki ndani.

Ile all_varchar si pambo. Bila hiyo 00417 inaweza kugeuka 417. Excel nayo hufanya hivyo hivyo, tena ukihifadhi inaandika juu ya faili yako, na mistari inayozidi 1,048,576 haiingii kabisa. Zifungeni faili hizo ziwe za kusoma tu, na nakala moja ikae nje ya ofisi.