Ofisi imeingia nyumbani, nani atalinda amana?



Tangu maradhi ya Korona yalipoufunga ulimwengu mwaka 2020, kazi nyingi zilizokuwa zikifanyika ofisini zimehamia majumbani na njiani. Mhasibu hufunga hesabu za kampuni akiwa sebuleni kwake. Ofisa mikopo hutembea na majina na madeni ya wateja ndani ya simu yake ya mkononi, na jioni simu hiyohiyo hukabidhiwa watoto wachezee.

Hatupingi mabadiliko haya, kwani yamewapunguzia wengi safari na kuwapa wazazi muda wa kuwa na watoto wao. Tunachosema ni kuwa siri ya mtu ni amana, na Sura An-Nisaa, katika aya ya 58, inatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Amana haipungui uzito kwa sababu imetoka katika kasha la chuma na kuingia katika kompyuta.

Madhara ya kuzembea tumeyaona. Mwezi Mei 2021 wahalifu waliushambulia mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani inayosafirisha mafuta kwa bomba. Walipitia njia wanayotumia wafanyakazi kuingia wakiwa mbali, kwa akaunti iliyolindwa na neno la siri moja tu, bila uthibitisho wa pili. Bomba lilifungwa kwa siku kadhaa, vituo vya mafuta vikakauka, na kampuni ikalipa fidia ya Bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya LastPass, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kuhifadhi maneno ya siri ya watu. Wezi hawakuvunja mlango wa ofisi. Waliifuata kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmojawapo kati ya wanne waliokuwa na funguo, wakapita katika programu ya kutazamia filamu ambayo haikuwa imesasishwa, wakayanasa aliyokuwa akiyaandika. Kwa njia hiyo walichukua nakala za hazina za wateja.

Hapa pana mazingatio. Zamani aliyekwisha kupita getini alihesabiwa kuwa mwenyeji, akaachiwa vyumba vyote. Wataalamu wa leo wanashauri kila anayeingia athibitishwe kila mara, yeye na chombo chake, kisha afunguliwe chumba kile tu anachokihitaji. Kwetu hilo si geni. Muungwana hubisha hodi hata akiukuta mlango wazi, na asipoitikiwa hurejea.

Lakini ni nani wa kubeba mzigo huu? Wako waajiri wanaomtaka mfanyakazi atumie simu yake na vocha yake, wasimpe mafunzo wala kifaa, kisha siri zikivuja wamtupie lawama peke yake. Hiyo si insafu. Aliyepokea amana kwa wateja ni taasisi, na sheria zinaitambua hivyo: Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mwajiri hana budi kutoa kifaa cha kazi, kuweka uthibitisho wa hatua mbili, na kufunga mara moja akaunti ya aliyeacha kazi.

Mfanyakazi naye ana sehemu yake. Asitumie neno la siri moja kila mahali. Asicheleweshe kusasisha programu. Akipigiwa simu na anayejiita fundi wa ofisi akitaka namba za siri, akate, kisha yeye mwenyewe apige ofisini kuuliza. Kifaa kikipotea, atoe taarifa saa hiyohiyo bila kuona haya, na mwajiri asimfanye aogope kusema.

Na sisi wa nyumbani tusidharau. Mume, mke na watoto waelewe kuwa kompyuta ya kazi si ya filamu wala michezo, na kwamba kutoazimwa si uchoyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko ndani ya nyumba zetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao. Amin.