Kolabo ya Mastaa na Gunia la Mahindi la Songea

Machi 2014 wasanii 19 wa Afrika waliingia kwenye wimbo mmoja unaohusu kilimo, Cocoa na Chocolate. Tanzania iliwakilishwa na Diamond Platnumz na AY. Walikuwamo pia D'banj na Femi Kuti wa Nigeria, Fally Ipupa wa Kongo na Juliani wa Kenya. Shirika la ONE liliusimamia kupitia kampeni ya Do Agric, na dai lilikuwa moja: serikali za Afrika zitimize ahadi iliyotolewa Maputo mwaka 2003, ya kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya kilimo.

Hapa Songea kilimo ndiyo maisha. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mahindi, na hata kijana anayeendesha bodaboda Bombambili mara nyingi ana shamba la familia kijijini. Kwa hiyo mkoa wetu una haki ya kuuliza: kolabo za namna hii zimemletea nini mkulima?

Tuanze kwa kuupa wimbo haki yake. Juni 2014, wakuu wa nchi walipokutana Malabo, waliirudia ahadi ile ya asilimia 10 mbele ya dunia. Sauti za wasanii zilikuwa sehemu ya shinikizo hilo, na si jambo dogo. Lakini ahadi ni kitu kimoja na fedha ni kingine. Mwaka 2022/23 bajeti ya kilimo ya Tanzania ilipanda kwa kiasi ambacho wengi hatukukitarajia, kutoka shilingi bilioni 294 za mwaka uliotangulia hadi bilioni 954. Ni hatua kubwa, na waliopigania wanastahili pongezi. Hata hivyo bajeti yote ya Serikali mwaka huo ilizidi shilingi trilioni 41. Piga hesabu mwenyewe: hata ukijumlisha mifugo na uvuvi, asilimia 10 bado iko mbali.

Kwa maoni yangu, udhaifu wa wimbo ule haukuwa kwenye sauti wala biti. Ulimwomba msikilizaji jambo lisilo mikononi mwake. Mama anayepalilia Peramiho hapangi bajeti ya taifa. Angeweza kutia saini, na kampeni ilikusanya saini nyingi kweli, lakini baada ya hapo wimbo haukuwa na kazi nyingine ya kumpa.

Linganisha na Zinduka, kolabo ya kupiga vita malaria iliyotoka mwaka 2010, ikawakutanisha kina Professor Jay, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa Songea, Lady Jaydee na Marlaw. Wimbo ule ulitoka wakati vyandarua vyenye dawa vikigawiwa bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na baada yake ukafuata ugawaji kwa kaya zote nchini. Mamilioni ya vyandarua viliingia majumbani. Mtu alisikia wimbo redioni jioni, na chandarua kiko chumbani kinasubiri kufungwa. Sisemi wimbo ndio uliopunguza malaria. Wahudumu wa afya na fedha za wafadhili ndio waliobeba mzigo. Nasema wimbo ulikuta kitu cha kushika, ukamwambia mtu akishike.

Kuna jambo la pili ambalo kampeni kubwa hulisahau. Starehe ya Ferooz, aliyomshirikisha Professor Jay, ilikuwa na watu wawili tu, lakini ilizungumzwa vijiweni kwa miaka. Ndani yake mlikuwa na mtu: kijana aliyeponda raha hadi Ukimwi ukamkuta. Msikilizaji alimfuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwapanga mastaa kumi na tisa, kila mmoja akapewa mistari michache, hadithi haipati nafasi ya kupumua. Kinachobaki ni kiitikio na majina.

Sasa tuje kwenye gunia la mahindi. Mwenye kupita vijijini msimu wa mavuno analijua lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha mahindi juu na kushonwa kwa kamba, likabaki na nundu. Mnunuzi analihesabu kama gunia moja. Mkulima ametoa zaidi ya kilo 100, amelipwa bei ya gunia. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakemea kila mwaka, na bado linaendelea, kwa sababu mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa kesho hana nguvu ya kubishana na mwenye lori.

Hapo ndipo kolabo ingefaa. Mtu mmoja, gunia moja, mizani moja, na kiitikio kinachosema usiuze bila kupima. Watu wa Songea ni wa ngoma ya lizombe. Kuimba kwa kupokezana hakuna wa kutufundisha. Wasanii wa bongofleva wa mkoa huu wakikaa na manju wa ngoma na wakulima wenyewe, watapata maneno ambayo hakuna shirika la nje linaloweza kuwaandikia.

Wasikubali tu kuimba bure kwa sababu eti ni jambo la jamii, huku mwenye kampeni akilipwa. Kolabo ina waandishi wengi, na mgao usipoandikwa kabla ya kurekodi, ugomvi huja baadaye. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii. Ambaye kazi yake haikusajiliwa, au jina lake halikuandikwa kwenye wimbo wa pamoja, hana pa kudai.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri, vyama vya ushirika na redio za hapa ni hili: msimu ujao wa mavuno, lipieni wimbo mmoja wa kupinga lumbesa, wasanii wasaini mkataba kwanza, na upigwe kila siku kuanzia Mei, kabla malori hayajaanza kupanda vijijini.