Magadi ya Kajiado na rangi izuiayo moto

Mnamo Julai 12, 2013, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787 ilishika moto ikiwa imeegeshwa, bila abiria, katika uwanja wa Heathrow, London. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kuwa moto ulianzia katika betri ya kifaa kidogo cha kutoa ishara za dharura. Lililonishtua mimi ni kwamba nguvu za betri zilipokwisha, moto haukuzimika. Uliendelea kutambaa polepole paani mwa ndege, ukila gundi ya plastiki inayoshikanisha nyuzi za kaboni.

Takriban nusu ya uzito wa kiunzi cha ndege hiyo ni mchanganyiko wa nyuzi na gundi. Kenya Airways ilianza kupokea ndege za aina hiyo mwaka 2014, nazo huruka kutoka Embakasi, si mbali na Kitengela. Nyuzi zenyewe hazishiki moto kwa urahisi. Adui ni gundi. Ndiyo maana wanasayansi wamebuni rangi za polima ambazo, zikipatwa na joto, huvimba zikawa povu la makaa na kukinga kilicho chini yake kwa dakika kadhaa. Dakika hizo ndizo uhai wa mtu.

Huenda msomaji akauliza, hayo yanawahusu nini watu wa Kajiado? Yanawahusu sana. Magadi yamechimbwa katika Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka mia moja, na reli iliyojengwa kuyasafirisha hupita Kajiado hadi Konza. Magadi hayo yakiyeyushwa pamoja na mchanga hutoa silikati ya sodiamu, ambayo, ikiwa na maji ndani yake, huvimba inapopashwa moto. Sidai kwamba itafaa ndege, maana unyevu huidhoofisha. Lakini kwa milango ya ngazi katika majumba ya ghorofa ya Kitengela, yanayochipuka kama uyoga, ingefaa mno.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto. Kazi hiyo si kununua gari jekundu tu, kisha likakwama katika msongamano wa barabara ya Namanga. Yafaa ianzie kwenye ramani ya nyumba: afisa wa kaunti asiidhinishe ghorofa ambalo milango ya ngazi zake haistahimili moto. Wenye viwanda wa Athi River wakishaona soko lipo, hawatahitaji kuonyeshwa njia ya Magadi.