MINOFU ULAYA, NA ELIMU NAYO ULAYA?

Nani aliwahesabu furu wa Ziwa Victoria kabla sangara hajawafyeka? Ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliopiga kambi Mwanza tangu 1977. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 akatawala. Inakadiriwa aina 200 za furu zilitoweka.

Hiyo ndiyo ikolojia: nani anamla nani, wangapi wanazaliwa, na mmoja akiongezeka nani anapungua. Haisomwi darasani tu. Mwanafunzi wa shahada ya pili anahitaji boti, nyavu, mafuta na miaka ya kuhesabu. Mtoto wa mvuvi atavipata wapi? Atasubiri mfadhili, na mfadhili ndiye atakayechagua swali la kuuliza.

Minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki. Elimu ya ziwa letu nayo iende hivyo hivyo? Wageni hatuwakatai, bila wao tusingejua tulichopoteza. Lakini Serikali inatoza ushuru wa samaki hao. Sehemu yake isomeshe vijana wetu. Wakubwa wakisema fedha hakuna, waulize mashangingi yao yamenunuliwa kwa nini.