"Ushukuru Una Kazi": Mpaka Lini?



Kuna neno limeota mizizi katika jumuiya zetu za Louisville, Columbus na Buffalo. Kijana akilalamika kwamba miaka sita sasa anabeba maboksi yale yale, wakubwa humjibu: "Ushukuru una kazi." Tumelisikia misibani, harusini, hata garini alfajiri tukirudi kutoka zamu. Leo tunasema wazi: neno hili linatuponza.

Tuziangalie kazi zenyewe. Mwaka 2012 Amazon iliinunua Kiva, kampuni iliyotengeneza roboti za ghalani. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba roboti zake zimefika milioni moja. Mwaka huo huo UPS, mwajiri mkubwa wa Louisville, ilitangaza kupunguza kazi 20,000 na kufunga majengo 73, huku ikiongeza mitambo. Mashine zinaendelezwa kila mwaka. Sisi je?

Mtatuambia nafasi za kusoma zipo. Ni kweli, zipo. Louisville kuna mpango wa Metropolitan College, ulioanza 1998, wa kuwalipia ada ya chuo wafanyakazi wa UPS wa zamu ya usiku. Amazon nayo, tangu 2022, huwalipia ada wanaolipwa kwa saa wakishatimiza siku 90, pamoja na masomo ya Kiingereza. Buffalo kuna kituo cha Northland, kilichofunguliwa 2018, kinachofundisha uchomeleaji, umeme na ufundi wa mitambo. Basi mbona mama zetu waliotoka Uvira, Bujumbura na kambi ya Dadaab bado wamesimama kwenye mkanda ule ule?

Kwa sababu tangazo limefichwa ndani ya simu, kwa Kiingereza. Kwa sababu darasa ni asubuhi, na mtu ametoka zamu alfajiri, ana watoto wa kupeleka shule. Katika ghala moja la Columbus alikofanya kazi mwenzetu, skana mpya zililetwa Jumatatu, maelezo yakatolewa kwa dakika kumi, na Ijumaa watu wakaandikiwa onyo kwa uzembe. Uzembe wa nani?

Tena tukumbuke: ule mpango wa Louisville haukuzaliwa na huruma. Kampuni ilikosa watu wa kudumu na kazi ya usiku, ikabidi iwavute. Mwenye kuhitajika ndiye husikilizwa. Mitambo ikishamaliza kuchukua kazi ya kupanga mizigo, nani atatuhitaji hata atusomeshe? Wakati wa kudai ni sasa.

Tunadai mambo matatu. Mashine mpya isiingie kabla wafanyakazi hawajaambiwa ni kazi gani zitakufa, zipi zitazaliwa, na nani atafunzwa. Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, zenye malipo. Na asiyejua Kiingereza aelezwe kwa Kiswahili.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Penye chama cha wafanyakazi, kama Teamsters, tuhudhurie mikutano. Jumuiya zinazochangishana maelfu ya dola kwa sherehe ya siku moja zishindwe kumlipa mwalimu wa kompyuta wa Jumamosi? Na aliyekwisha kupanda ngazi asiivute nyuma yake.

Kushukuru ni jambo jema, lakini shukrani si kufuli ya mdomo. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.